Vyuma Viwili Chini ya Sakafu

Wanafunzi wake walimwita Bi Breki, na jina likamganda hata majirani wakasahau la kwake. Zaidi ya nusu ya umri wake alikuwa ameketi kwenye kiti cha abiria cha gari dogo jeupe, akifundisha watu wazima kuendesha, na neno lililomtoka mdomoni zaidi kuliko hata salamu lilikuwa hilohilo. Breki, mama, breki. Breki, baba, taratibu, huyo ni mbuzi wa watu. Waliomjua kazini tu wasingeamini kwamba mwanamke yuleyule, siku za mbio, alivaa kofia ngumu nyekundu akalitia gari la bluu kwenye kona kwa namna iliyowafanya watazamaji wazibe macho kwa vidole, halafu wachungulie katikati ya vidole hivyo.

Gari lenyewe lilikuwa la baba yake. Lilikuwa saluni ya zamani ya milango minne, yenye pua ndefu na taa za duara. Baba aliendesha malori mpaka alipostaafu, na alipolinunua lilikuwa na injini goigoi isiyoweza kumpita mtu wa baiskeli kilimani. Aliyeibadilisha ni Nati, mdogo wake Bi Breki. Huyu alikuwa fundi wa injini, na jina alilipata utotoni baada ya kumeza nati na kuifanya nyumba nzima isubiri itoke. Aliing'oa ile injini akapachika ya silinda nane iliyotoka kwenye gari lililopinduka. Tangu siku hiyo gari likawa na kazi mbili. Siku za kawaida lilimpeleka Baba kwenye mazoezi ya viungo, maana kiharusi kilikuwa kimemwachia mguu wa kushoto mzito, usiotaka kunyanyuka. Siku za mbio lilikwenda uwanja wa ndege uliokwisha kuachwa, ambako madereva hukimbia mmoja mmoja kati ya koni za plastiki, kila mtu akishindana na saa.

Kasoro ni kwamba nguvu za injini zililizidi umbo la gari. Baba aliyaelewa hayo kabla ya wanawe. Lori, alisema, lina chasisi: mihimili miwili ya chuma inayotoka puani hadi mkiani, na kila kitu kimepanda juu yake. Gari kama hili halina. Mbele lina kipande cha fremu kilichobeba injini, nyuma lina kipande kingine kilichobeba ekseli, na katikati yao ni bati la sakafu tu.

"Mbele kuna ng'ombe na nyuma kuna ng'ombe," alisema kwa ile sauti yake iliyokuwa nzito kidogo tangu augue, "mmewafunga kwa kamba ya kanga. Mnategemea nini?"

Dalili zilikuwa wazi. Gari likipandisha gurudumu moja kwenye ukingo wa barabara, mlango wa nyuma ulikataa kufunguka. Kioo cha mbele kilipata ufa kwenye pembe bila kupigwa na jiwe. Na uwanjani, kwenye kona ndefu ya kushoto, Bi Breki alikuwa akizungusha usukani, pua inatii, halafu nyuma inakaa kidogo kama mtu anayefikiria kama atakuja au hatakuja. Hicho "kidogo" ndicho kilichokuwa kikimkosesha raha. Dereva hawezi kulibana gari ambalo nusu yake bado haijaamua.

Dawa yake inajulikana. Ni vyuma viwili, kimoja kila upande, vinavyounga fremu ya mbele na fremu ya nyuma ili gari liwe kitu kimoja. Nati aliviita mbavu. Lakini kuna mbavu za kila aina, na hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Bi Breki alianzia kwa muuza vipuri, bwana mmoja mcheshi mwenye duka lililojaa hadi dari, ambaye hakuwahi kukubali kwamba kuna kitu hana. Alimtolea vyuma viwili vyeusi vinavyong'aa, vimekwishatobolewa matundu.

"Hivi unafunga kwa bolti, dada yangu," muuza vipuri alisema, akivipangusa kwa kiwiko. "Huchomelei, huungui, huharibu rangi. Ukivichoka unafungua, unamuuzia mwenzio."

"Umewahi kumfungia mtu?"

"Wengi!"

"Nionyeshe mmoja."

Muuza vipuri akacheka, akajikuna shingo. Lakini uani palikuwa na gari la mteja wake lililokuja kwa shughuli nyingine, nalo lilikuwa na vyuma vilevile. Bi Breki hakusubiri kukaribishwa. Aliomba kipande cha boksi, akakitandika chini, akajisukuma uvunguni na blauzi yake ya kazini. Akakuta bolti zimelegea. Akaichezesha moja kwa vidole, ikacheza. Tundu lililokuwa duara lilikuwa limeliwa upande mmoja, limekuwa kama yai.

"Bolti zimelegea huku!" alipaza sauti akiwa chini.

"Unakaza tu, dada yangu! Kila ukimaliza mbio unapita na spana, basi!"

Bi Breki alitoka uvunguni akijikung'uta vumbi. "Yaani gari langu nilikaze kila wiki kama kamba za viatu? Hapana, kaka. Asante kwa boksi."

Muuza vipuri hakuchukia. Alikuwa mtu wa biashara, na mteja anayeondoka akicheka hurudi. Akamuuzia vifuta maji vya kioo.

Ilibaki kuchomelea. Na hapo Nati alikuwa na wazo lake kichwani, zuri, lililomnyima usingizi kwa furaha. Alitaka kuikata sakafu kwa urefu, pande zote mbili, azamishe mabomba mazito ya mraba humohumo ndani ya bati, kisha ashone kila mshono kwa moto. Gari likifanyiwa hivyo haliwezi kujipinda hata likikaliwa na tembo, na uvunguni hakining'inii kitu cha kugonga matuta ya barabarani.

"Hii ndiyo kazi," Nati alisema, akichora kwa chaki sakafuni mwa gereji. "Dada, usiogope. Hakuna chuma kitakachoshinda hiki."

"Na ndani ya gari inakuwaje?"

"Ndani panakuwa na vituta viwili. Chini ya miguu ya abiria wa nyuma. Vidogo tu."

Bi Breki aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Wazo lilimvutia, kusema kweli. Kama gari lingekuwa la mbio peke yake, angemwambia Nati aanze jioni ileile. Lakini lilikuwa pia gari la Baba. Alimwomba mbao mbili zenye unene wa yale mabomba, akazipakia, akaenda nazo nyumbani.

Baba alikuwa barazani, amevaa viatu tayari, akingojea kupelekwa mazoezini. Bi Breki alizilaza mbao kwenye sakafu ya nyuma ya gari, pale ambapo vituta vingekuja kukaa, kisha akamshika Baba mkono kama kawaida. Baba aliketi kwanza, akageuka, akaingiza mguu wa kulia. Halafu akaushika wa kushoto kwa mikono miwili, kwenye suruali, akaubeba kama mzigo, akaushusha ndani. Kisigino kikanasa kwenye ubao. Akajaribu kuuvuta. Kiatu kikavuka, mguu ukabaki umepinda juu ya kile kituta, nusu huku, nusu kule.

"Hiki nini?" Baba aliuliza.

"Ni majaribio, Baba. Nati anataka kupitisha chuma hapo."

Baba aliziangalia mbao, akamwangalia binti yake. Alikuwa mtu wa magari; hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Ndiyo nzuri zaidi," alisema. "Mwambie akate. Mimi nitakaa mbele."

"Kile kiti cha mbele ni cha mbio, kimezama na kinabana. Mara ya mwisho ulipokikalia, kukutoa tuliita wanaume wawili na mmoja wao akateguka."

"Basi nitapanda teksi."

"Teksi hutapanda," Bi Breki alisema. Aliokota kiatu, akapiga goti, akamvisha. "Hili ni gari lako, utakaa ndani yake ukiwa umenyoosha miguu. Na mimi nitakwenda nalo mbio. Chuma kitakachokubali yote mawili kipo. Ni kukitafuta tu."

Hakusema hivyo kwa kumfariji. Aliamini kabisa. Alipomfikisha Baba mazoezini, hakukaa kwenye benchi na wenzake wanaosubiri wagonjwa. Alirudi kwenye maegesho, akatandika boksi, akaingia tena uvunguni, safari hii mwa gari la bluu, na utepe wa kupimia mkononi. Mlinzi alikuja akainama kumwuliza kama ameanguka.

Alichokiona huko chini kilimtosha. Kati ya fremu na fremu, sakafu haikuwa bapa. Ilikuwa na bonde jembamba kila upande, pembeni kidogo mwa bomba la moshi. Bomba nene la mraba lingening'inia na kukwangua kila tuta. Lakini bomba pana lililobapa, likilazwa kwa ubavu ndani ya lile bonde, lingejificha karibu lote. Lingechomelewa kwenye fremu ya mbele, lingechomelewa kwenye fremu ya nyuma, na katikati lingeshikizwa kwenye sakafu kwa mishono mifupi mifupi njia nzima. Lisingekuwa na nguvu ya lile wazo la Nati. Lakini lingevishinda vile vyuma vya bolti kwa mbali, na ndani ya gari hakuna ambaye angejua kuna kitu.

Nati alinuna. Alinuna kama mtoto aliyenyang'anywa embe. "Unachukua cha pili wakati cha kwanza kipo," alisema.

"Cha kwanza kwa nani?" Bi Breki akamjibu. "Kwa gari la nani? Gari hili lina watu wawili, Nati. Mmoja anataka kona na mwingine anataka pa kuweka mguu. Chuma kinachomsahau mmoja si cha kwanza."

Nati akaenda kununua bomba.

Siku iliyofuata Bi Breki alikuwa kazini na mwanafunzi mgumu, mchungaji mmoja wa kanisa aliyefumba macho kila anapokutana na lori. Alipomaliza alipitia gereji akiwa amechoka, akakuta kazi imekwisha kuanza. Gari lilikuwa juu ya stendi nne, magurudumu yananing'inia, na vyuma vyote viwili vimeshikizwa kwa matone ya moto mbele na nyuma. Nati alikuwa amejaa jasho na furaha. Ule mnuno ulikwisha.

"Kesho nafunga mishono yote!" alisema.

Bi Breki alisifu, maana vyuma vilikaa vizuri bondeni. Kisha, kwa mazoea tu, akafungua mlango wa nyuma wa kushoto aweke mto wa Baba. Mlango uliguna. Akaufunga, ukagonga chini kabla ya kushika. Akaufungua tena, akaufunga taratibu, sikio lake karibu na kitasa.

"Ni bawaba tu," Nati alisema haraka. "Zimechoka."

"Jana hazikuwa zimechoka." Alizunguka gari, akipitisha kidole kwenye upenyo kati ya mlango na bodi. Juu kidole kiliingia. Chini hakikuingia. "Umeliinulia wapi?"

"Kwenye stendi, si unaona? Pande zote sawasawa, nimepima."

"Umeweka stendi katikati, na injini ya silinda nane inaning'inia huko mbele. Pua imelala, Nati. Gari limejipinda, na wewe umelishona likiwa limejipinda. Ukifunga mishono hiyo kesho, litabaki hivi mpaka tufe."

"Ni kidogo!"

"Hiyo kidogo ndiyo niliyokuja kuiondoa. Ilitakiwa uchomelee likiwa limesimama kwa miguu yake, uzito wake wote chini. Si una shimo hapa? Kwa nini hukulipandisha juu ya shimo?"

Nati aligeuka akalitazama lile shimo la ukaguzi. Halikuonekana. Lilikuwa limejaa matairi chakavu, madumu, bampa tatu na jokofu bovu la mtu aliyehama. Kulifukua ilikuwa kazi ya saa nyingi, na yeye alikuwa na hamu ya kuona moto.

"Basi chomelea mwenyewe!" alisema, akavua glavu, akazitupa juu ya meza, akatoka.

Bi Breki alibaki na gari. Hakukasirika sana, kazini kwake alikuwa amezoea watu wanaofungua mlango na kushuka katikati ya somo. Aliagiza Baba aletwe, kwa kuwa hakupenda kubaki peke yake. Jirani akamleta, wakamkalisha kwenye kiti mlangoni mwa gereji. Kisha alivaa miwani, akawasha grinda, akayakata matone ya moto moja baada ya jingine, cheche zikimrukia mikononi. Vyuma vikaanguka kwenye boksi kwa kishindo. Akalishusha gari. Halafu akaingia shimoni.

"Anza na matairi," Baba alielekeza kutoka kitini. "Jokofu liache mwisho, utavunjika mgongo."

Alitupa tairi la kwanza juu, likabingirika hadi uani. La pili, la tatu. Maji meusi yalimfika kwenye vifundo vya miguu. Nywele zilijaa buibui, na blauzi ya kazini ilikuwa imekwisha kazi yake hapa duniani. Alikuwa akihangaika na bampa iliyokwama alipoona viatu vya Nati ukingoni.

"Humo kuna nyoka," Nati alisema.

"Alikuwepo. Ameniona akahama."

Nati alisimama pale kidogo. Alimtazama Baba, Baba akatazama pembeni, kama mtu anayesoma gazeti ambalo hana. Kisha Nati akakunja suruali, akashuka shimoni, akashika upande wa pili wa bampa. Hakuomba radhi kwa maneno na dada yake hakuzidai. Jokofu walilitoa pamoja, Baba akihesabu, "Moja, mbili, haya!" Lilipofika juu, mlango wake ulifunguka likamwagia Nati maji yaliyooza kifuani. Bi Breki alicheka mpaka akalazimika kuegemea ukuta. Nati naye, baada ya kutema mate mara kadhaa, akacheka.

Walilipandisha gari juu ya shimo likiwa kwenye magurudumu yake manne, wakaweka pima maji kwenye vizingiti vya milango, wakalisukasuka ili springi zikae. Bi Breki alifungua na kufunga kila mlango. Ilifungwa kwa sauti moja. Kesho yake Nati alichomelea akiwa amesimama shimoni: mshono mfupi mbele, mfupi nyuma, anasubiri chuma kipoe kisijikunje, anahamia upande wa pili, na dada yake akijaribu milango kila anapopumzika. Alifanya kazi ile kwa utulivu ambao Bi Breki hakuwa ameuona kwake siku nyingi. Alipomaliza alipaka rangi nyeusi, akapapasa chuma kwa kiganja.

"Kimekaa," alisema.

"Kimekaa sana," dada yake alijibu. "Hujawahi kushona vizuri hivi." Nati aliinama kutafuta kifuniko cha kopo la rangi, ambacho alikuwa amekishika mkononi.

Siku ya mbio ilikuwa na jua kali. Watu walijipanga kando ya njia ya zamani ya ndege, na mbele ya foleni alikuwepo Daktari wa Meno, mshindi wa kila mwaka, na gari lake jipya la chini, la rangi ya fedha. Alikuwa mtu mpole. Desturi yake ilikuwa kukimbia duru ya kwanza, kuweka muda ambao hakuna wa kuufikia, kisha kuvua glavu na kula karanga kivulini.

Duru ya kwanza ya Bi Breki ilikuwa aibu. Alifika kwenye kona ndefu ya kushoto, akauzungusha usukani mapema kama alivyozoea, ili aipe nyuma nafasi ya kufikiria. Lakini nyuma haikufikiria. Ilikuja palepale, pamoja na pua, na gari likaingia ndani zaidi ya alivyokusudia, likafagia koni kana kwamba zilikuwa na deni nalo. Aliporudi, moja ilikuwa bado imenasa chini ya bampa.

Nati alikuja mbio, uso umemsawajika. "Ni vyuma? Nimekosea?"

"Vyuma havina kosa," Bi Breki alisema, akivua kofia, anatabasamu mpaka masikioni. "Ni mimi. Miaka yote hii nimekuwa nikiliwahi gari linalochelewa. Sasa halichelewi. Toa hiyo koni."

Kwenye duru ya pili alijizuia kama anavyowazuia wanafunzi. Alisubiri. Kona ilikuja, akasubiri tena, mpaka mwili wake wote ukapiga kelele kwamba amechelewa, ndipo akageuza. Gari liligeuka kama kitu kimoja. Pale katikati ya kona palikuwa na mwinuko kwenye zege ambao zamani ulimlazimisha kuachia pedali ya mafuta. Safari hii aliukanyaga na mguu haukunyanyuka. Milango haikulia, kioo hakikulia. Kilichosikika ni injini peke yake, na mtu mmoja kule kando aliyepiga ukelele.

Mtangazaji alipousoma muda, ulikuwa mfupi kuliko wa Daktari wa Meno, na watu wote wakageuka kumtazama. Daktari alikuwa na karanga mdomoni. Alitafuna taratibu, akameza, akasimama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mbio hizo zianze, alichukua glavu zake akazivaa upya.

Alimshinda. Alikimbia vizuri, na akashinda kwa tofauti ndogo kiasi kwamba mtangazaji aliirudia ili asikike. Aliposhuka alikwenda moja kwa moja kwa Bi Breki, shati limelowa mgongoni.

"Umenitoa jasho, mama," alisema. "Nilidhani nimesahau namna ya kuogopa."

"Mwaka ujao utaikumbuka vizuri zaidi," Bi Breki alimjibu, na hakuna aliyedhani anatania, hata Daktari mwenyewe.

Kikombe cha nafasi ya pili kilikuwa kidogo, kinatosha kunywea kahawa. Baba alikipokea mapajani. Tangu asubuhi alikuwa ametazama mbio zote kutoka kiti cha nyuma, mlango wazi, miguu imenyooka, akibishana na mtangazaji ambaye hakuweza kumsikia. Wakati wakifunga vitu vyao kwenye buti, Nati alikuwa akizungukazunguka mlango wa dereva, anaufuta usukani ambao ulikuwa safi.

"Dada," alisema mwishowe, "mbio zijazo, si unaweza kunipa duru moja tu? Nimelijenga mimi hili."

"Umelijenga vizuri mno." Bi Breki alinyoosha mkono, Nati akampa funguo. "Njoo Jumatatu pale shuleni kwangu, na viatu vya kufunga. Somo la kwanza ni kurudi nyuma bila kumgonga mchungaji."

Akaketi nyuma ya usukani, akawasha, na Nati akaingia kwenye kile kiti cha mbio cha mbele, akijibana, tayari analalamika.